Jibu: Pointi 14 za mbio, mbona kwenye msimamo kaandikiwa 10?

Mkuu, hapo kijiweni kwenu Mbagala hamjakosea kuhesabu. Umeuliza inawezekanaje kwenye Speedway Grand Prix (mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia) ya 2023 dereva mwenye 14 apewe 10, na mwenye 9 apewe 20. Zile 3-2-1-0 za kila mbio (madereva wanne, mizunguko minne) zinachuja tu wanane wa nusu fainali. Tangu 2020 haziingii kwenye msimamo. Kinachoingia ni nafasi uliyomaliza kwenye raundi ya usiku huo: 20, 18, 16, 14 kwa wanne wa fainali, kisha 12, 11, 10, 9, kushuka hadi 1 kwa wa 16. Huyo mwenye pointi 14 akiburuza mkia nusu fainali anakuwa wa saba, basi 10. Mwenye pointi 9 akibeba fainali, 20. Mfumo wa zamani ulikuwa wa haki zaidi, kwa mtazamo wangu.

Msimu wa 2025 ulikuwa tofauti: wawili wa juu baada ya mbio za mchujo walienda moja kwa moja fainali, wa 3 hadi wa 10 wakagombea nafasi mbili zilizobaki.

Raundi moja ikikupita unaumia. Vojens, Denmark, 2023, dereva wa Poland Bartosz Zmarzlik aliondolewa kwa suti isiyoruhusiwa kwenye mazoezi ya kufuzu, akatoka kapa. Ubingwa akaja kuumalizia Toruń, Poland.

Na ulichouliza kuhusu breki: ndiyo, pikipiki zile hazina breki kabisa.