Huruma Yako Inalipiwa na Nani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nina mume na watoto wawili, tunaishi Tabata. Tatizo langu ni huruma, siwezi kumwambia mtu hapana. Mwaka jana nilimdhamini rafiki kwenye kikoba, mkopo wa 1,500,000. Kaacha kulipa, simu hapokei, na wenzetu wanasema watakuja kubeba friji langu. Ikabidi niguse kidogo ada ya mtoto. Mume wangu alipojua hakusema neno, ila tangu siku ile hanipi hela: ada anapeleka mwenyewe, sokoni anakwenda mwenyewe. Sikumwambia mapema kwa sababu ni mkali. Nifanyeje aielewe roho yangu? Kwani kutoa si moyo? Halafu nimechaguliwa mhazini wa kamati ya harusi ya mwenzangu kazini, sijui nitaimudu vipi.*
*Mama Huruma, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa deni. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Eti hujui kusema hapana! Barua yako inakusuta. Mumeo umemnyima habari ya dhamana, ukamnyima habari ya ada. Mwanao umemwambia hapana kwa hela yake ya shule. Hapana unaijua vizuri sana, ila unaitumia ndani, na "ndiyo" zako zote unazipeleka nje. Na hiyo "kidogo" ni shilingi ngapi? Mkopo wa rafiki umeuandika mpaka sifuri ya mwisho, ada ya mwanao ukaifunika kawa.

Tuje kwenye ukali. Mwanamume kakuta ada imeliwa, hakupiga, hakutukana, hata wazee hakuita. Kachukua kikapu kaenda kupanga foleni ya nyanya. Wako wanaoniandikia humu wangefunga na kusali wapate mume mkali wa namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume ampatie mkewe makazi, chakula na mavazi. Haisemi noti lazima zipitie mkononi mwako. Niko upande wake, na sioni aibu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nje wanakuita mama wa watu, nyumbani wanakunywa maji. Hiyo si huruma, mwanangu, ni njaa ya kusifiwa.

Ndoa za siku hizi zina mke mwenza, jina lake kundi la WhatsApp. Enzi zetu mchango wa harusi ulikuwa mchele, kuni na mikono yako kwenye sufuria. Asiye na kitu alimenya vitunguu, akala pilau kama wengine. Leo ni orodha: jina, ahadi, ulichotoa, kadi ya mmoja au ya wawili. Watu wanachukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili jina lisikae na sifuri mbele ya wenzao. Harusi inapita, kamati inavunjwa, deni linakuja kulala katikati yenu kitandani.

Haya, kazi. Leo usiku mpe mumeo hesabu yote kwenye karatasi, na ya ada humo humo. Usilie, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe badala ya kusoma. Kisha nenda kwenye kikoba na uombe katiba isomwe mbele ya wote. Vikundi vingi hukata kwanza hisa za mkopaji ndipo vimguse mdhamini, na hilo nashangaa hujaliuliza. Kinachobaki omba kipangiwe marejesho, na ulipe kwa hela yako. Kutoa ni moyo, sawa, lakini uwe wako, si wa mtoto wa darasa la tatu au la ngapi sijui, maana hata hilo hukuniambia.

Mtu akikuomba, usimjibu "ngoja niangalie". Kwetu hiyo ni ahadi, atakwenda kulala ameshaipangia matumizi. Sema, "Naomba unisamehe, mara hii sitaweza," kisha nyamaza. Ukianza kueleza sababu, atakutafutia dawa ya kila sababu.

Na huo uhazini uuache leo, kabla hujashika hata shilingi ya mtu. Wewe wa kushikishwa hela za harusi kwa sasa? Kitambaa cha sare kama fundi ameshakikata, basi, kivae siku mnayokwenda sokoni na mumeo. Kikapu ubebe wewe.