Tezi ya thairoidi ikizembea, moyo upimwe vipi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Moshi, na karibu zote zinahusu tezi ya thairoidi inayotoa homoni kidogo kuliko mwili unavyohitaji, na hofu ya moyo inayokuja nayo.

"Nina miaka 52. Thairoidi imeshuka, kolesteroli imepanda. Daktari kanipa dawa ya thairoidi tu. Ya kolesteroli amesahau?" – Mama, Majengo

Hajasahau, mama. Homoni ya thairoidi ndiyo inayolihimiza ini kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Ikipungua, ini linabaki na vipokezi vichache vya kuinasa, nayo inarundikana. Mishipa nayo hukaza, na ile namba ya chini ya presha inaweza kupanda. Kwa hiyo ukikadiria hatari ya moyo kwa vipimo vya wakati huo, umepima tezi na moyo kwa mkupuo, na huwezi kujua lipi limetoka wapi.

Tumia levothairoksini yako, yaani hiyo dawa ya thairoidi, kila siku, urudie TSH (kipimo cha damu cha homoni inayoiamuru tezi, ambayo hupanda tezi ikizembea) baada ya wiki 6 hadi 8. Ikishatulia, kolesteroli ipimwe upya. Kuna wanaoikuta imeshuka, na kuna wanaoikuta palepale. Hao wa pili ndio wanaohitaji kuzungumzia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Sababu nyingine ya kusubiri ni kwamba statini huumiza misuli kwa urahisi zaidi kwa mtu ambaye thairoidi yake haijatibiwa. Ila aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi na tayari anatumia statini, asiiache kwa sababu ya haya niliyoandika. Aongee na daktari wake. Na presha, sukari na sigara havisubiri tezi. Hivyo vishughulikiwe leo.

"Kliniki walinionyesha chati ya rangi, nikawa kwenye kijani. Mbona hawakuuliza thairoidi yangu?" – Mfanyabiashara, Kiboriloni

Kwa sababu haimo. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, kwa watu wa miaka 40 hadi 74, huangalia umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na kolesteroli. Pasipo maabara, uzito kwa urefu huchukua nafasi ya hivyo viwili vya mwisho. Kijani maana yake uwezekano wa mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ni chini ya asilimia 5. Ni habari njema, kaka, lakini waambie una thairoidi, na chati isomwe tena TSH ikishakuwa sawa.

"TSH yangu ni 6, homoni yenyewe ya kawaida. Nina hatari?" – Mwalimu, Soweto

Ndogo. Uhusiano na ugonjwa wa mishipa ya moyo unaonekana wazi zaidi TSH ikifika 10 na kuendelea. Rudia kipimo baada ya miezi michache kabla ya kukubali dawa ya maisha.

"Namezea dawa na kahawa ya maziwa. Kuna shida?" – Dada, Pasua

Ipo. Kahawa na maziwa huzuia dawa kuingia mwilini. Najua asubuhi ya Moshi bila kikombe ni ngumu, lakini meza kwa maji matupu, usubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi vikae mbali nayo kwa saa 4.

"Bibi yetu ana miaka 71. Anachoka, kwa hiyo ameanza kumeza vidonge viwili badala ya kimoja. Sasa moyo unamwenda mbio na kifua kinambana." – Mjukuu, Machame

Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kliniki yake ya mwezi ujao. Homoni ikizidi ghafla kwa mzee, moyo hulazimika kufanya kazi kubwa kuliko mishipa yake inavyomudu, na mapigo yanaweza kuvurugika hadi kuleta kiharusi. Ndiyo maana wazee huanzishwa dozi ndogo sana na kupandishwa polepole. Chukua pakiti ya dawa uende nayo, useme ni siku ngapi amemeza viwili. Na mpe bibi shikamoo yangu. Mwambie hakuna atakayemgombeza.