Maswali Yenu: Muasi wa Mississippi alirudije bungeni?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Lucius Quintus Cincinnatus Lamar wa Mississippi alikuwa wakili na mbunge, akapigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga dhidi ya Serikali ya Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, wakashindwa, kisha akarudi Bunge lile lile. Nani alimsamehe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, misamaha ilikuwa miwili, na wengi huichanganya. Siku ya Krismasi 1868 Rais Andrew Johnson alifuta kosa la uhaini kwa waasi wote. Msamaha huo ulimwondolea mtu hofu ya kushtakiwa, basi. Cheo haukumrudishia, kwa sababu kizuizi cha vyeo kilikuwa ndani ya Katiba yenyewe: Rekebisho la 14, kifungu cha 3, lililokamilika Julai mwaka huo huo. Aliyewahi kuapa kuilinda Katiba akiwa mbunge, ofisa wa Serikali, jaji au mjumbe wa bunge la jimbo, kisha akaasi, hakushika tena madaraka mpaka theluthi mbili ya kila baraza la Bunge zimfungulie. Askari ambaye hakuwahi kula kiapo hicho hakuguswa.

Lamar alinasa. Aliapa kama mbunge 1857, akajiuzulu Desemba 1860, akarudi kwao kuandaa Azimio la Kujitenga la Mississippi, yaani la kujitoa Marekani, lililopita tarehe 9 Januari 1861 kwa kura 84 dhidi ya 15. Alikuwa mwenye shamba la pamba lililolimwa na watumwa, kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa akikitetea.

Sheria ya Msamaha ya 22 Mei 1872 iliwafungulia maelfu, ila ikawaacha nje, pamoja na wengine, wabunge wa Bunge la 36 na la 37, yaani la 1859 hadi 1863. Lamar alikuwa wa la 36. Wapiga kura walimchagua Novemba hata hivyo, na ikabidi Bunge limpitishie sheria yake peke yake ndipo akaapishwa 1873.

Uaskari wake haukuwa mrefu. Alikuwa luteni kanali wa Rejimenti ya 19 ya Mississippi. Kwenye mapigano ya Williamsburg, tarehe 5 Mei 1862, kanali wake Christopher Mott aliuawa, naye akachukua uongozi. Muda si mrefu maradhi yakamtoa vitani. Alitumwa na serikali ya Kusini kuwa balozi Urusi, akaishia Ulaya Magharibi bila kufika huko, na mwisho wa vita alikuwa ofisa wa sheria wa mahakama za kijeshi.

SWALI: Nasikia Lamar alimsifu adui wake Charles Sumner bungeni. Je, si mpatanishi wa kweli huyu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hotuba ilitolewa kweli, mwezi Aprili 1874, wiki chache baada ya Sumner kufa. Sumner alikuwa seneta wa Massachusetts, mpinzani mkubwa wa utumwa. Mwaka 1856 mbunge wa South Carolina, Preston Brooks, alimpiga kwa fimbo mezani pake ndani ya Seneti. Kwa mtu wa Kusini kumsifu hadharani lilikuwa jambo zito, na Kaskazini walimshangilia.

Lakini msiisome hotuba hiyo mkaufumbia macho mwaka 1875. Mississippi, vikundi vya Wazungu wenye silaha vilivunja mikutano ya Republican, chama kilichopigiwa kura na Weusi, na kuua Weusi. Gavana Adelbert Ames aliomba askari wa Serikali Kuu, hakupewa. Wilaya ya Yazoo, yenye wapiga kura Weusi wengi, Republican waliambulia kura 7. Lamar alizunguka akihutubia kampeni za chama chake cha Democratic, mpinzani wa Republican. Bunge la jimbo lililopatikana kwa uchaguzi huo ndilo lililomteua kuwa seneta. Maridhiano yake yalikuwa kati ya Wazungu wa Kusini na wa Kaskazini. Mweusi aliyeipoteza kura yake Yazoo hakuwemo. Kumwita mpatanishi bila kulisema hilo ni kumpunguzia hesabu.

Alikaa Seneti 1877 hadi 1885, miaka minne ya kwanza pamoja na Blanche K. Bruce, seneta Mweusi wa jimbo hilo hilo. Rais Cleveland akamfanya Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha jaji wa Mahakama ya Juu. Seneti ilimpitisha tarehe 16 Januari 1888 kwa kura 32 dhidi ya 28. Alifariki Georgia tarehe 23 Januari 1893. Waliokuwa bado na kizuizi cha 1868 walifunguliwa na Bunge tarehe 6 Juni 1898.