Dalton Highway kwa baiskeli: ng'oa madigadi kwanza

Watu wakisikia nimepiga baiskeli Dalton Highway kule Alaska swali la kwanza ni dubu, yani dubu vipi? Jamani dubu niliwaona wawili tu na wote walitimua mbio, kilichonitoa machozi ni tope.

Hii barabara ina kama kilomita 666 mpaka Deadhorse, karibu na bahari ya Aktiki. Ilijengwa 1974 kwa ajili ya malori ya bomba la mafuta na sehemu kubwa ni changarawe, sasa wanaimwagia kalsiamu kloraidi (aina ya chumvi) kutuliza vumbi, ikinyesha tu inakua uji mzito na ukikauka ni zege. Siku ya tatu madigadi yalijaa tairi likagoma kuzunguka, nikasukuma baiskeli na mizigo yake masaa manne, nakwangua na kijiti, nasogea hatua ishirini, nakwangua tena. Kwahiyo yang'oe kabla hujaanza, mgongo utachafuka ndio lakini utasogea. Ukifika mtoni osha cheni na breki hapohapo, ile chumvi inakula chuma.

Halafu chakula. Kutoka Coldfoot, kituo cha njiani, hadi Deadhorse ni kama kilomita 386 bila duka hata moja, mimi nikabeba cha siku tano nikijiona mjanja, upepo ukanipiga usoni siku mbili nzima nikamalizia safari na uji usio na sukari. Beba cha siku saba hata kama kitakuelemea kupanda Atigun Pass (barabara inapovuka milima, mita 1,444, theluji inaweza kukukuta hata kiangazi).

Haya, dubu. Ule ushauri wa kuning'iniza chakula mtini usahau, ukishavuka milima miti hakuna. Tafuta pipa gumu lenye kifuniko dubu asichoweza kufungua, weka mita mia kutoka kwenye hema, dawa ya meno nayo humo humo. Pilipili ya kupuliza na mtungi wa gesi huruhusiwi kupanda navyo ndege, nunua mjini Fairbanks kabla ya kuanza, na hiyo pilipili ikae kwenye usukani. Mi nilikua naiweka chini ya nguo, ujinga mtupu.

Hema piga penye upepo hata kama pamekaa vibaya, pakitulia tu mbu hawakuachi uchemshe hata chai. Na kitambaa cha kufunika macho usisahau, Juni kule jua halizami, mi usiku wa kwanza nilifungasha kila kitu nikidhani nimechelewa kuamka, kucheki saa ni saa nane ya usiku.