Jibu: Kura zipo, hotuba hazionekani

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, umefungua House Journal ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, tarehe 31 Januari 1865, siku walipopitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa. Kura umeziona, 119 kwa 56, ila hotuba hakuna hata moja.

Hakuna kurasa zilizopotea. Journal si hansadi. Huandika yaliyofanyika, yaani hoja, miswada na kura, basi. Mimi nilipoteza wiki nzima humo kabla ya kushtuka.

Angalia mwaka kwanza. Kuanzia 1833 hadi 1873 unachotaka ni Congressional Globe, chapisho la mijadala ya Bunge lao. Baada ya hapo ni Congressional Record. Chukua Globe ya Bunge la 38, kikao cha pili, ndicho cha Januari 1865, uende kwenye faharasa utafute jina la mbunge, usihangaike kupekua kwa tarehe. Ukimkosa, tazama kiambatisho. Wangu nilimkuta huko, wakati nilishaamini kwamba alikaa kimya mwaka mzima!

Ila wabunge waliweza kuzipamba hotuba zao kabla hazijachapwa, kwa hiyo ukinukuu usiape kwamba kila neno lilisikika ukumbini.