Shamba ni la nani? Ushauri kwa wenye mikorosho

Ukikaa na wazee wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, ubishi huu hauishi: shamba ni la aliyelifyeka, la aliyepanda mikorosho, au la mwenye karatasi? Mimi naamini mali inakuwa halali pale jasho la mtu linapothibitishwa na majirani zake. Karatasi inakuja baadaye, lakini isikosekane.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, kwamba anayeitolea ardhi jasho lake anaifanya yake, mradi wengine wabakiziwe ya kutosha. Anayejua palizi na kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, hawezi kuipuuza hoja hiyo. Ila huku kwetu inakwama. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini mbali nao. Aliyekuja kuihudumia naye alitoka jasho. Tena kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Tulichonacho sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia.

Katika ukoo wetu mgogoro ulikuwa wa rehani. Mama mdogo aliweka mikorosho rehani apate ada ya mtoto. Misimu ikapita, aliyempa fedha akadai aliuziwa shamba zima. Maandishi hapakuwa. Aliyemwokoa ni mzee jirani: alitembea mpakani na wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji, akigusa mkonge mmoja baada ya mwingine na kutaja nani aliupanda na nani alikuwepo. Mdai hakujua hata mpaka unapokatia kona.

Basi ukiweka rehani, andikeni idadi ya miti, fedha na misimu, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Andikeni wazi kwamba kinachotolewa ni mavuno, si ardhi. Usilaze madai pia. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12.

Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hadhi sawa na hati ya mjini, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Dada zangu, msikubali kaka aandikwe peke yake "kwa niaba ya familia". Hilo linaniuma sana, maana nimeona wajane wakiondolewa kwenye mikorosho waliyoipanda kwa mikono yao.

Siku ya kupima, waite majirani wa pande zote, mtembee mpaka mzima pamoja, kila mmoja atie saini.