Kukadiria Thamani ya Bastola ya Shabaha ya Zamani: Mfano wa Colt Woodsman

Kwa miaka mingi niliyoishi Marekani nimekuwa nikikusanya bastola za shabaha na kuwasaidia wanachama wenzangu wa klabu ya kulenga kukadiria zile walizonunua au kurithi. Anayetaka kujua thamani ya bastola yake huja na silaha ya kaliba ya .22, yaani ya risasi ndogo, iliyotengenezwa kabla hajazaliwa, na mara nyingi huanza kwa kunieleza jinsi inavyopiga katikati ya shabaha. Maelezo hayo huwa ya kweli, lakini hayamsaidii sana, kwa kuwa mtu anayetaka kushinda mashindano siku hizi hununua bastola mpya, ilhali anayetafuta ya zamani hulipia jinsi ilivyobaki karibu na hali yake ya siku ilipotoka kiwandani. Kwa maoni yangu, thamani ya bastola ya namna hii hukaa zaidi katika vitu vinavyobadilishwa au kupotea kwa urahisi, yaani mbao za mpini, magazini, rangi ya chuma, sanduku na karatasi zake, kuliko katika uwezo wake wa kulenga.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia Colt Woodsman, bastola ninayoifahamu kuliko nyingine, ingawa utaratibu ni uleule kwa bastola za kampuni ya High Standard, kwa Smith & Wesson Model 41 iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, na kwa nyingine za aina hiyo.

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma na utazame ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho yako mwenyewe, hata kama aliyekukabidhi amekuhakikishia kuwa ni tupu. Risasi moja iliyosahauliwa ndani ya chemba haionekani kwa nje, na bastola iliyokaa kabatini miaka thelathini bado inaweza kuua.

Kazi ya kwanza ya kukadiria ni kuitambua bastola kwa usahihi, na hapa ndipo wengi huharakisha. Woodsman ilitokana na ubunifu wa John Moses Browning, ikaanza kutengenezwa na kampuni ya Colt huko Hartford, Connecticut, mwaka 1915, na kuendelea hadi mwaka 1977. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na jina hilo. Jina Woodsman lilianza kutumika mwaka 1927, kwa hiyo bastola isiyo na neno hilo ubavuni isidhaniwe kuwa ya bandia. Zilitengenezwa karibu 690,000 ukijumlisha aina zake zote, idadi inayotosha kuonyesha kwamba uzee peke yake hauifanyi kuwa adimu. Wakusanyaji huzigawa katika vizazi vitatu: cha kwanza hadi mwaka 1947, cha pili kuanzia hapo hadi 1955, na cha tatu kutoka 1955 hadi mwisho. Kizazi cha pili hutambulika kwa herufi S iliyoongezwa kwenye namba ya silaha, na kwa kitufe cha kutolea magazini kilichowekwa nyuma ya kifyatulio; katika kizazi cha kwanza na cha tatu, magazini hufunguliwa kwa kishikizo kilicho chini ya mpini. Zipo pia Challenger na Huntsman, ambazo ni ndugu za bei nafuu zilizotoka kiwanda hichohicho, na nimewahi kuona mtu akidai kwa Huntsman yake bei ya bastola ya mashindano kwa sababu tu zote mbili zina nembo ya Colt.

Inayotafutwa zaidi na wakusanyaji wengi, nami nikiwa mmoja wao, ni Match Target ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1938 hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Zilitoka takriban 16,000 tu. Mtutu wake ni mzito, wenye pande bapa na urefu wa inchi 6 na sehemu tano za nane, namba yake huanza kwa herufi MT, na ubavuni imechorwa alama ya shabaha ya duara. Mpini wake ulifunikwa kwa kipande kimoja cha mbao ya mjozi kilichozunguka nyuma na kupanuka pande zote mbili, na wakusanyaji wakakiita masikio ya tembo. Mbao hizo zilipasuka kwa urahisi, na walengaji wengi hawakupenda umbo lake, hivyo walizitoa, wakafunga mpini waliouchonga wenyewe au kuununua kwingine, wakazitupa zile za awali. Matokeo yake ni kwamba mbao hizo zikiwa nzima zinaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya bastola nzima. Nikiletewa Match Target, jicho langu huenda kwenye mbao kabla ya chuma: je, zina ufa karibu na tundu la skrubu, zimewahi kugundishwa, zimepigwa msasa, na je, kingo zake zinakutana vizuri na chuma? Mbao za kuiga zinatengenezwa hadi leo, na nyingine ni nzuri sana, lakini mara nyingi huacha mwanya mdogo au hupanda juu ya chuma mahali ambapo za kiwandani zingelala sawa nacho. Rangi ya mbao nayo ina ushahidi wake. Mbao zilizokaa na bastola tangu mwanzo huwa zimechakaa kwa kiasi kinacholingana na uchakavu wa chuma, kwa hiyo mbao zinazong'aa juu ya chuma kilichopauka zinapaswa kukutia shaka.

Baada ya mbao ni rangi ya chuma, ile samawati iliyokolea ambayo kiwanda kiliipata kwa kung'arisha chuma vizuri kabla ya kukitia rangi. Wakusanyaji hukadiria asilimia ya rangi ya awali iliyobaki, na tofauti kati ya asilimia 98 na asilimia 85 ni kubwa kifedha kuliko inavyoonekana kwa macho. Hata hivyo, rangi ya awali iliyochakaa ni bora kuliko rangi mpya. Bastola iliyong'arishwa na kutiwa rangi upya imepoteza kile ambacho mnunuzi alikuwa anakitafuta, kama mlango wa kale wa Lamu uliopigwa randa hadi nakshi zikafifia. Nikichunguza kazi ya namna hiyo hutazama herufi zilizochapwa kwenye mtutu: katika kazi ya kiwanda kingo zake ni kali, lakini mashine ya kung'arishia huzilainisha na kuzifanya zionekane kama zimezama. Matundu ya skrubu huwa na mdomo uliobonyea, na pembe zilizopaswa kuwa kali huwa zimeviringika. Kwa sababu hiyo nawasihi sana waliorithi bastola wasiisugue kwa nyavu za chuma wala dawa za kuondoa kutu kabla haijatazamwa na mjuzi. Kitambaa laini chenye mafuta kidogo kinatosha.

Ndani ya mtutu kuna historia nyingine. Risasi za .22 zilizouzwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 ziliacha masalia yaliyokaribisha kutu, na bastola za wakati huo ambazo hazikusafishwa baada ya kutumika mara nyingi zina vishimo katika mifereji ya mtutu. Vishimo hivyo hupunguza bei, ingawa si kwa kiasi cha kupoteza mbao za awali. Kwa Woodsman za mwanzo kuna jambo la usalama pia: hadi karibu mwaka 1932 kifuniko cha springi kuu kilichopo nyuma ya mpini hakikukusudiwa kuhimili risasi za kasi kubwa. Kifuniko cha zamani kina nakshi ya vimiraba, na kile kilichoimarishwa kina mistari ya mlalo. Baadhi ya wamiliki walikibadilisha baadaye ili wazitumie risasi mpya. Uamuzi wao ulikuwa wa busara kwa mlengaji, lakini mkadiriaji ni lazima auandike, kwa sababu kipande hicho si cha awali.

Sanduku la karatasi ngumu, kijitabu cha maelekezo, shabaha ya majaribio (karatasi iliyolengwa kiwandani kuijaribu bastola) na magazini ya pili huongeza thamani, hasa ikiwa namba iliyoandikwa kwenye sanduku inalingana na ya bastola. Hadithi peke yake haiongezi kitu. Familia nyingi husema babu alishinda na bastola hiyo huko Camp Perry, Ohio, ambako mashindano ya taifa yamefanyika tangu mwaka 1907, na huenda ni kweli, lakini mnunuzi atalipia tu kile kinachoonyeshwa kwa picha, cheti au karatasi ya matokeo. Kampuni ya Colt hutoa, kwa malipo, barua kutoka kwenye kumbukumbu zake ikieleza bastola yenye namba fulani ilisafirishwa lini na kwa nani. Kwa bastola ya kawaida, gharama ya barua hiyo hailipi; kwa Match Target iliyo safi, au yenye alama za serikali ya Marekani za wakati wa vita, naiona kuwa ya lazima.

Ukishaitambua na kuipima hali yake, ndipo utafute bei. Usitumie bei ambazo wauzaji wanaomba, maana bastola inaweza kukaa sokoni miaka miwili ikiombewa bei isiyolipwa na mtu yeyote. Tafuta minada iliyokwisha, ya hivi karibuni, ya kizazi kilekile na hali ileile, na usome maelezo hadi mwisho ili ujue kama kiasi kilichotajwa kinajumlisha ada ya mnunuzi, yaani nyongeza anayotozwa na wenye mnada juu ya bei. Tuchukue mfano wa kubuni: nyundo ya mnada ikigongwa kwa dola 1,500, ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 20 na kamisheni ya muuzaji asilimia 15, mnunuzi atalipa dola 1,800 na muuzaji atapokea dola 1,275. Bastola ni ileile, siku ni ileile, na tayari kuna namba tatu. Mwenye duka anayetaka kuiuza tena atatoa pungufu zaidi, na halimo kosa lolote, kwa kuwa naye ana kodi ya pango. Kwa bima unahitaji gharama ya kununua nyingine inayolingana nayo. Kwa mirathi na kodi, serikali ya Marekani hutazama bei ambayo mnunuzi na muuzaji wangekubaliana bila yeyote kulazimishwa. Kwa hiyo mtathmini mzuri huuliza kwanza makadirio ni ya kazi gani. Nakushauri umlipe kwa saa au kwa kazi, kamwe si kwa asilimia ya thamani atakayoitaja, na usimwombe akadirie mtu yuleyule anayetaka kuinunua.

Sheria nayo huigusa bei. Nchini Marekani silaha iliyotimiza miaka 50 huweza kununuliwa na mkusanyaji mwenye leseni maalumu na kupelekwa kwake moja kwa moja, hata katika jimbo lingine, jambo linalopanua soko la Woodsman. Asiye na leseni hawezi kumuuzia mtu wa jimbo lingine mkono kwa mkono. Ni lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na majimbo mengine yana masharti makali zaidi hata kwa urithi. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya, ambako kila silaha inahitaji kibali, asifikirie kabisa kuisafirisha bastola ya urithi kabla ya kupata idhini ya maandishi pande zote mbili.

Makadirio yenyewe yaandikwe: tarehe, madhumuni, namba ya silaha, kizazi, asilimia ya rangi, hali ya mbao, sehemu zilizobadilishwa, na mauzo yaliyotumika kulinganisha. Piga picha za pande zote mbili, za herufi kwa karibu, na za mpini ukiwa umefungwa. Skrubu za mpini usizifungue, kwani ncha ya bisibisi isiyolingana nazo huacha mkwaruzo ambao mnunuzi makini huuona kabla ya kitu kingine chochote.